Malaria Nne za Mama Kavira

Ninyi wauguzi mnaobaki katika chumba cha dirisha mliniomba niwaandikie tulivyofanya kazi wakati wa vita, kabla hamjapata friji ya jua na taa isiyozimika. Nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza, nina muda. Ya pili, mke wangu amenipa meza na kalamu ili nisikae jikoni kwake nikimfundisha kunawa mikono. Cheo na mshahara sitaviandika: cha kwanza hakikunivutia, na wa pili, kwa miaka kadhaa, haukuwapo. Nitaandika juu ya kiti, neno moja, na uso wa mama mmoja.

Nilifika Kisangani kutoka Kindu nikiwa kijana mwenye diploma mpya na viatu vilivyonibana. Siku ya kwanza kazini nilipelekwa kwa muuguzi wa magonjwa ya ngozi, Papa Alfonsi, mtu wa Barumbu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akizunguka kwa baiskeli njia ya Bengamisa kutafuta wagonjwa wa ukoma. Nilitegemea atanionyesha kabati la dawa. Alinionyesha kiti. Kilikuwa kiti cha mbao chenye mguu mmoja ulioungwa kwa waya, na alikuwa amekiweka kando ya dirisha, mgonjwa akae akitazama nje. Aliniambia kwamba ngozi haisomwi kwa taa, inasomwa kwa mchana, na kwamba asiyekuwa na mchana aseme hajui na amwambie mgonjwa arudi asubuhi.

Vifaa vyake vingine viliingia katika mfuko wa shati. Kipande cha pamba alichokisokota kikawa chembamba kama uzi, cha kugusia ngozi mgonjwa akiwa amefumba macho, maana ukoma huanza kwa kunyang'anya hisia. Kioo kidogo cha kunyolea ndevu, cha kumpa mgonjwa aonyeshe mwenyewe pale panapomsumbua. Na kidole chake, ambacho alikibonyeza shavuni akakiachia taratibu, akitazama kama wekundu unatoweka na kurudi. Nilicheka kimoyomoyo. Nilikuwa nimesoma vitabu vinene, na huyu mzee alikuwa na pamba na kioo. Mcheka kovu hajaona jeraha, na jeraha langu lilikuwa linakuja polepole.

Kisha vita vikaja, vikaondoka, vikarudi na majina mengine. Mto ulifungwa, meli za Kinshasa zikakoma, na kila kitu kilichohitaji kiwanda kikawa kinashuka kutoka angani: chumvi, sabuni, betri, na dawa zetu. Magari yaliisha mafuta, watu wakapanda toleka, yaani nyuma ya baiskeli, hata wagonjwa wa kupasuliwa. Katika miaka hiyo nilihamishiwa chumba cha mbele, cha kupokea wagonjwa, na Papa Alfonsi akabaki na kiti chake nyuma. Nilikuwa naona watu wengi kwa asubuhi moja, na kati ya kumi, saba walikuwa na malaria kweli. Ndiyo maana mkono wangu ulijifunza kuandika neno hilo kabla sikio halijamaliza kusikia.

Mama Kavira alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo. Aliuza maharage na sabuni karibu na soko kuu, akipokea mizigo ilipoteremka ndege. Mumewe alikuwa amebaki Butembo upande wa pili wa mapigano, na yeye alikuwa hapa na watoto watatu. Alikuwa mama wa shirika, maana yake katika jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa wake yeye ndiye aliyeongoza sala na kuwatembelea wagonjwa. Weupe wake ulikuwa wa maji ya kunde, ndiyo sababu uso wake ulishindwa kuficha siri.

Alikuja kwangu mara ya kwanza akasema, "Munganga, niko na moto. Uso yote iko moto."

Sasa nyinyi mnaijua Kiswahili yetu ya hapa. Mtu akisema ana moto, ana homa. Niliweka kiganja kwenye paji lake, nikakuta moto kweli, nikaandika malaria kwenye fishi yake, ile kadi ya mgonjwa, nikampa kwinini. Kipimajoto tulikuwa nacho kimoja na siku hiyo kilikuwa wodi ya wazazi. Huo ni udhuru, nauandika kama udhuru. Alirudi mwezi uliofuata, "niko na moto", nikaandika malaria. Akarudi tena, na tena. Mara nne, mwandiko ule ule, sahihi ile ile. Kwinini, kama mnavyojua au mnavyopaswa kujua, huvumisha masikio, na kwa watu wengine huuwasha uso. Nilikuwa namwaga mafuta kwenye moto wake, kisha namwambia apumzike.

Kumbe mjini maneno yalishatembea. Uso mwekundu, macho mekundu, mama anayejishika mashavu wakati wa rozari: watu walisema anakunywa lotoko, ile pombe kali ya kienyeji. Wifi yake, aliyeishi mtaa wa pili, alipeleka habari hizo Butembo kwa barua ndani ya ndege. Na ushahidi mkubwa ulikuwa wangu. Katika mji huu, mlevi aliyeshindwa kuamka Jumatatu hutuma ujumbe kazini kwamba ana malaria. Mama mwenye malaria kila mwezi, tena bila kulala kitandani hata siku moja, alikuwa na malaria ya chupa. Fishi niliyoiandika mimi ilipita mikononi mwa watu kama hati ya mahakama, nami nilikuwa sijui lolote.

Mara ya tano alikuja na kitambaa kimefunika mashavu. Hakusema ana moto. Alisema anaomba karatasi ya kuthibitisha kwamba yeye si mlevi. Sikujua niandike nini, nikafanya jambo moja la akili katika kesi nzima: nilimpeleka nyuma, kwenye kiti cha dirisha.

Papa Alfonsi alimkalisha, akafungua dirisha lote. Alimgusa kwa uzi wa pamba, mama akiwa amefumba macho. Alihisi kila mguso, kwa hiyo si ukoma. Alishika masikio yake, hayakuwa yamenenepa. Aliuliza juu ya viungo kuuma na vidonda vya mdomo, hakuna. Aliona vipele vidogo mashavuni na puani, lakini si chunusi za ujana, maana hapakuwa na vile vichwa vyeusi. Macho yalikuwa yanakwaruza kama yana mchanga. Mwishoni alinigeukia mimi, si yeye.

"Ramazani, ulimuuliza moto gani?"

Nilisema sikumuuliza.

"Moto iko mingi," alisema. "Ya malaria inashika mwili muzima, inatetemesha. Hii yake inafika, inakaa, inaenda. Alors uliza: moto gani, na ilifika nyuma ya nini?"

Alikuwa na haki ya kulichunga neno hilo, maana kwao kwa Kilingala moto ni mtu, na ukiligeuza kidogo mdomoni linakuwa moto wenyewe. Nilimuuliza Mama Kavira hapo hapo, nikiwa na aibu ya kuanza upya. Mambo yalitoka kama maji. Uso uliwaka asubuhi baada ya chai ya tangawizi, aliyoinywa ikiwa inachemka. Uliwaka mchana juani, ndege inaposhusha mizigo. Uliwaka alipokula pilipili, naye alikula pilipili kama Wakisangani wote, yaani ile nyekundu ndogo juu ya lituma, ndizi zetu za kuponda, hadi machozi. Uliwaka alipoinama juu ya makala, yaani makaa ya kupikia. Na uliwaka kila ilipokuja barua ya Butembo, kabla hata hajaifungua.

Kisha akatoa kutoka mkobani tyubu ndogo ya pomada. Jirani alimnunulia sokoni, ile ile ambayo wasichana hujipaka ili wang'ae. Ilimpoza siku chache, halafu akiiacha uso unalipuka, basi akawa hawezi kuiacha. Papa Alfonsi aliishika kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika mjusi. Alimweleza kwamba ugonjwa wenyewe Wafaransa wanauita rozase, kwamba hauambukizi, hauna uhusiano na pombe hata kama pombe huuchochea, na hauponi kabisa bali unatunzwa. Na kwamba pomada hiyo ilikuwa imeuongezea ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza. Lazima aiache, na akiiacha, kwa wiki kadhaa uso utakuwa mbaya kuliko leo.

Mama Kavira aliuliza kwa sauti ndogo wiki ngapi. Shemeji yake mkubwa, Papa Paluku, kaka wa mumewe, alikuwa ametuma habari kwamba atapanda ndege kuja kuchukua watoto watatu, wakae Butembo hadi mama yao aache pombe.

Hilo ndilo lililokuwa mezani, na nilitaka ardhi inimeze.

Dawa ya kumsaidia tulikuwa nayo: doksi, yaani doksisiklini. Lakini ilikuwa kopo moja, na vifua na kuhara vya mji mzima vilikuwa vinaisubiri. Nilimwambia Papa Alfonsi pembeni kwamba hatuwezi kula kopo kwa ajili ya uso. Alinijibu neno ambalo mpaka leo nalisikia. "Ile uso iko na batoto batatu ndani." Akatenga vidonge vya wiki sita, akaandika jina lake mwenyewe kwenye daftari ili mtu akihoji, aulizwe yeye.

Nilimfundisha masharti, na nanyi yashikeni, maana hayajabadilika. Kidonge kimoja kwa siku baada ya chakula, kwa maji ya kikombe kizima, kisha asilale mara moja, kisije kikakwama kooni na kumchoma. Asikimeze na maziwa. Ajifunike jua, kwa sababu doksi yenyewe hufanya ngozi ichomwe upesi. Na lazima kumuuliza kama ana mimba, maana hapo haitolewi. Mumewe alikuwa Butembo mwaka wa pili, mji mzima unamsema, nami ndiye nilipaswa kuuliza. Niliuliza. Alinitazama mpaka nikaangalia viatu vyangu, kisha akasema hapana. Swali ni swali. Msiliruke kwa heshima.

Kwa chakula hatukumpa orodha ya makatazo, sababu kila mtu ana moto wake. Papa Alfonsi alimpa kipande cha daftari aandike kila uso ulipowaka, na alichokuwa ametoka kula, kunywa au kufanya. Baada ya siku kumi tuliona: samaki wala sombe, yaani kisamvu, havikumdhuru, ndizi haikumdhuru, hata pilipili kidogo iliyopikwa alivumilia. Chai yenyewe haikuwa na kosa ila moto wake. Ilipopoa aliinywa salama. Tangawizi ilimshinda. Na mahali pawili alikuwa ameandika "wifi", bila maelezo.

Wiki mbili baada ya kuacha pomada uso ulikuwa wa kutisha, kama Papa Alfonsi alivyosema. Wakati huo huo majeshi mawili ya wageni yakaanza kupigana ndani ya mji wetu, zile siku sita ambazo mliozaliwa hapa mmesimuliwa vya kutosha. Sitaeleza nilichoona. Dirisha letu lilipasuka lote, kiti kikapona. Wafu tuliwazika walipoangukia, nami namshukuru Mungu kwa kila mtu aliyenyanyua kichwa siku ya saba.

Mama Kavira alikuja kwa miguu mara tu barabara ilipopitika, watoto watatu nyuma yake kwa mstari. Walikuwa wamelala chini ya kitanda siku zote. Hakuna aliyethubutu kuwasha makala, moshi usije ukaita bomu, hivyo walikula ndizi mbivu na maji baridi. Hakuna chai, hakuna pilipili, hakuna jua. Vidonge alivifunga kiunoni kwenye kitenge na hakuruka hata siku moja. Papa Alfonsi alimkalisha kwenye mchana uliokuwa sasa hauna kioo. Vipele vilikuwa vimenywea, macho yametulia. Nilimuuliza kama ni doksi au ni njaa. Alisema nigawe sifa nusu kwa nusu, na nisimwambie mtu yeyote kwamba vita ni dawa.

Ndege zilipoanza tena, Papa Paluku akashuka. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kofia mkononi, na upole wake ulinitisha kuliko ukali. Hakuja kugombana, alikuja kutimiza wajibu wa mkubwa wa ukoo. Mama Kavira hakumkaribisha nyumbani kwanza. Alimleta kwetu, na watoto, na wifi aliyekuwa akitazama ukuta. Yeye mwenyewe alibaki amesimama.

"Kaka, kama ni juu ya bomu, tutaenda sisi wote," alisema. "Kama ni juu ya pombe, hakuna mutoto anatoka."

Na alipokuwa akisema, uso ukawaka. Ulianzia shavuni ukashuka shingoni, mbele ya wote. Wifi yake akavuta pumzi. Papa Paluku akainamisha kichwa kama mtu aliyeonyeshwa kaburi.

Papa Alfonsi aliinuka. Aliniambia nilete birika ambamo tulichemshia sindano, ambalo lilikuwa limeondoka jikoni muda si mrefu. Alimimina maji matupu kikombeni, akampa Papa Paluku kwanza anuse, kisha aonje. Alionja, akasema ni maji. Uso wa Mama Kavira tuliungoja upoe. Alikaa kitini, upepo wa dirisha ukampiga, wekundu ukaondoka. Ndipo akapewa kikombe, akanywa maji yale ya moto, taratibu, mpaka chini. Tulikaa. Nje kulikuwa na fundi akigongomea bati. Haikupita muda wa kusali kumi la rozari, mashavu yakawaka tena, mekundu kuliko mwanzo, macho yakajaa maji.

Papa Paluku alitazama kikombe, akamtazama shemeji yake, akarudi kwenye kikombe. Kisha akatoa mfukoni ile fishi. Wifi alikuwa amempelekea.

"Bon. Na hizi malaria ine?"

Papa Alfonsi alinitazama. Angeweza kunisemea, wala hakunisemea, na katika mema yote aliyonitendea hilo ndilo kubwa. Nilisema hazikuwa malaria. Nilisema mama huyu aliniambia ana moto nami sikumuuliza moto gani, na kwamba dawa niliyompa ndiyo iliyomwasha zaidi. Nilisema kama kuna mtu aliyemharibia jina Butembo, wa kwanza ni mimi, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Papa Paluku aliiweka fishi mezani. Alisema niyakate maneno yale manne mbele yake. Niliyakata. Akasema niandike barua kwa mdogo wake, kosa langu likiwa ndani yake wazi, naye ataipeleka kwa mkono. Niliandika kurasa mbili kwenye meza hiyo mnayowekea sasa mzani. Akaikunja, akavaa kofia, akawapa watoto mkono mmoja mmoja, kuanzia mdogo. Alikuwa amewakatia nafasi tatu kwenye ndege. Aliondoka peke yake.

Mwezi uliofuata ndege ilileta kifurushi kutoka Butembo, kilichoandikwa kwa mkono wa mumewe. Ndani kulikuwa na kofia ya majani, pana, ya kujikingia jua. Barua haikuwamo. Mama Kavira aliivaa sokoni siku ile ile, na tangu hapo wateja walimtafuta kwa kofia. Mumewe alifika mwenyewe njia zilipofunguka. Wifi alirudi kwenye sala bila kuombwa. Sikuuliza yaliyosemwa huko.

Papa Alfonsi alifariki amani ikiwa changa. Kila nilichojua kilichokuwa na thamani, alinipa yeye, bila kitabu, na bila kunidhalilisha hata siku niliyostahili. Kabla ya kulazwa alinikabidhi kioo chake na akaniambia nibadilishe waya wa kiti. Nilibadilisha. Mguu ule bado unacheza kidogo, nanyi mnajua. Msinunue kiti kipya.

Siku yangu ya mwisho kazini mliniandalia soda na biskuti, nikashukuru kwa maneno machache sababu mengi yangenishinda. Mlipokwisha kwenda, Mama Kavira aliingia. Ni bibi sasa, wajukuu kadhaa, na watoto wale watatu wamezeeka kuliko nilivyokuwa mimi wakati ule. Aliketi kwenye kiti cha dirisha bila kuambiwa, akavua kofia, si ile ya kwanza, ya tatu au ya nne, akaiweka magotini. Nikauona uso unaanza kuwaka, kuanzia shavuni, kushuka shingoni.

Mazoea ni sheria. Nilitazama: jua lilikuwa upande wa pili wa jengo. Soda niliyompa haikuwa imefunguliwa. Biskuti hazikuguswa, wala katika biskuti hakuna pilipili.

"Moto gani, mama?" nikamuuliza.

Alipapasa ukingo wa kofia.

"Hii ya leo haina dawa, munganga," alisema. "Iache iwake."